Mnara Jikoni kwa Dada

Kijana Kimya ndiye aliyeliona kwanza doa la kijani, dogo kama punje ya dengu, ubavuni mwa kilima cha tangi la maji. Lilikuwa upande wa ramani ambao hakuna aliyekuwa akiuangalia.

Tangu asubuhi stoo ya mjomba wake, fundi umeme, ilikuwa imejaa watu wa chama cha redio. Walikuwa na ripita moja tu, chombo kinachopokea sauti ya redio ndogo na kuirusha tena mbali, na siku hiyo ilikuwa lazima waamue ifungwe kilima gani. Kimya ndiye aliyeshika kipanya cha kompyuta, maana macho ya mjomba yalikuwa yamechoka. Programu ilijua kila bonde na kila mwinuko. Ukibonyeza kilele, inakokotoa, kisha inapaka kijani kila mahali sauti itakapofika. Panapobaki peupe, mlima umekinga.

Kila kilele walichojaribu, bonde la nyuma ya machimbo lilibaki peupe. Na huko ndiko alikoolewa dada yake, aliyeondoka bila Kimya kutoka kumuaga. Mimba ilikuwa miezi ya mwisho, mume yuko safarini, simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Redio aliyoachiwa na mumewe ilikuwa inakoroma tu. Akishikwa na uchungu, angemwita nani?

"Tuchukue kilima kirefu, tukale," alisema dereva wa lori, mwanachama mwenye sauti kubwa kuliko honi yake. "Hilo bonde litatusamehe."

"Bonde lina mtu," mjomba alijibu.

"Najua. Lakini mlima nao una ubishi. Utaubomoa?"

Kimya alitaka kusema wajaribu tena, lakini akaona haya mbele ya watu wale wote. Akasukuma kipanya kwa pupa, akabonyeza siko. Badala ya kilele, akaiweka ripita juu ya nyumba ya dada yake, chini kabisa bondeni. Programu ikaanza kukokotoa.

Dereva akapiga makofi. "Mwoneni huyu! Kamjengea dada yake mnara jikoni!"

Stoo nzima ikacheka. Kimya akawa anatafuta mahali pa kufuta, masikio yanamwaka moto. Ndipo akaliona lile doa.

"Mjomba," alinong'ona. "Hapa."

Mjomba aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kicheko kikamwisha. "Usifute! Usiguse kitu, mwanangu." Akawageukia wenzake. "Sauti ya redio huenda na kurudi njia ileile. Kama nyumba inakiona kilima cha tangi, kilima nacho kinaiona nyumba. Sisi tulikuwa tunauliza milima. Huyu kaiuliza nyumba."

"Kilima cha tangi?" dereva akaguna. "Kile si kichuguu?"

"Kimya, hebu iweke ripita kwenye kichuguu cha bwana huyu."

Akabonyeza. Kijani kikaenea mji wote, kikapenya kwenye mwanya kati ya milima miwili, kikamwagika bondeni hadi mlangoni kwa dada.

Dereva aliitazama ramani, akavua kofia. "Haya, nimenyoosha mikono. Nguzo nabeba mimi. Na kesho napita huko, nitamwambia dada Jumamosi mchana awashe redio."

Jumamosi walisimama chini ya tangi, ripita imefungwa, nyaya zimekazwa. Mjomba, mwenye leseni, akaita. Mkoromo. Akaita tena. Mkoromo. Dereva akafungua mdomo, mjomba akamkata jicho. Akaita tena.

"Nawasikia!" Sauti ya dada ilitoka safi, kama yuko pembeni yao. "Jamani, nawasikia kama mko sebuleni! Ova! Au ukimaliza kuongea husemwaje?"

Dereva alirukaruka, akamkumbatia mjomba, akaikumbatia na nguzo. Wengine walikuwa wanapiga vigelegele, wanaume kwa wanawake. Mjomba akamwekea Kimya redio mkononi.

"Ongea naye. Kilima hiki ni chako."

"Na ujue chama kizima kinasikiliza," dereva alimchokoza.

Siku nyingine hilo peke yake lingemkimbiza. Leo alivuta pumzi, akabonyeza kitufe.

"Dada, ni mimi. Ulipoolewa nyumba ilibaki kubwa mno. Sikutoka kukuaga kwa sababu ningeshika nguo yako nisikuachie. Ova."