Nyuzi za Moyo

Leo blogu yangu imetimiza mwaka. Niliiita Nyuzi za Moyo, nikakaa kusubiri watu walie. Nikaandika juu ya upweke wangu, juu ya mvua dirishani, juu ya shemeji asiyenielewa.

Wasomaji wakaja kweli. Wa kwanza aliuliza: “Kaka, nyuzi nyeusi mnazo?” Nikadhani ni fumbo, nikamjibu aya tatu kuhusu giza la nafsi. Akauliza na nyeupe.

Kumbe wasomaji wangu wote ni mafundi cherehani. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. “Si ubadilishe jina tu, mume wangu?” Nikamwambia mwandishi hapangiwi jina na washona suruali.

Basi leo nimeandika shukrani ndefu kwa wote walionishika mkono. Yule fundi wa kwanza hakukawia: “Hongera, kaka. Nyeusi zimeshafika?”

Hasira zikanipanda. Nikamjibu kwa herufi kubwa: SINA UZI! SIJAWAHI KUWA NA UZI!

Akajibu papo hapo: “Sasa mwaka mzima ulikuwa unaandika nini?”

Mke wangu, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akavuta kiti akaketi.

“Haya,” akasema, “mjibu.”