Kufuli kwenye Sauti ya Bibi

Tangu kiharusi kilipomnyang'anya maneno, Bibi alikuwa akisema kwa kidole. Kishikwambi kiliegemezwa kwenye kopo la sukari juu ya meza ya kulia, na kwenye kioo chake palikuwa na vitufe vyenye picha: kikombe, kitanda, dirisha, redio. Akigusa kimoja, kifaa kilimsemea. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mjukuu wake wa kike. Kila alipotoka shule mtoto huyo alikaa karibu naye, Bibi akaonyesha kwa mkono na kwa macho anachotaka kusema, mtoto akabahatisha mpaka akapatia, kisha akakirekodi kwa kuikaza sauti ifanane na ya kizee. Ndiyo maana Bibi wa nyumba ile aliongea kama mtoto anayejifanya bibi, na hakuna aliyeona ajabu tena.

Vitufe vingi vilikuwa vya haja za kawaida. Vichache vilikuwa vya shari. Kimoja kilisema, "Mke mwenzangu, njoo tumsengenye mume wetu," nacho kilikuwa cha kumwita mjukuu. Kingine kilisema, "Mzee, punguza maringo," na kama vitufe vya kioo vingekuwa vinachakaa, hicho kingekuwa kimeshatoboka.

Mzee mwenyewe mtaani walimwita Mhariri. Alianza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji akifagia sakafu, akasoma masomo ya jioni mpaka akaaminiwa kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa. Hakutumia kitu bila kusoma maelezo yake yote, hata kile kikaratasi chembamba kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Na akishasoma, hakumuuliza mtu.

Siku moja alitaka kamusi. Ile ya bure kwenye kishikwambi ilimpa maana ya neno lakini ikamficha mifano, mpaka alipie. Akabonyeza Nunua. Kifaa kikamjibu kwamba ombi limetumwa kwa mwenye akaunti, asubiri idhini.

Mwenye akaunti alikuwa binti yake, aliyefua na kupiga pasi mashuka hotelini. Yeye ndiye aliyekinunua kishikwambi, na kwa kufanya zamu za ziada akalipia toleo kamili la programu ya Bibi. Manunuzi aliyafunga, yawe kwa idhini yake tu, baada ya mtoto wake kuwanunulia lulu samaki wa mchezo wa kwenye kishikwambi. Jioni aliingia nyumbani akicheka kabla hajavua viatu.

"Baba, leo nimepata maombi kazini. Kuna mtu mzima ananiomba ruhusa ya kamusi."

Bibi akanyoosha kidole. "Mzee, punguza maringo," kikasema kifaa, na wote wakacheka. Mhariri naye alicheka, lakini usiku ule aligeukia ukutani. Kwamba yeye, mwenye nyumba, asubiri idhini ya mtoto ambaye yeye ndiye alimfundisha kusoma, hilo halikumtoka akilini.

Asubuhi, binti akiwa kazini, mjukuu shuleni na Bibi amepitiwa na usingizi, alifungua mipangilio akaisoma kutoka juu mpaka chini. Akafungua akaunti kwa jina lake. Ile ya binti akaiondoa. Kifaa kilimuuliza kama ana hakika, na hakika alikuwa nayo. Akaunganisha malipo na laini yake ya simu, akanunua kamusi, ikafunguka na mifano yote. Akasoma kwa raha, kichwa kimeinama, mpaka Bibi alipoamka na kukivuta kifaa kwake aombe dirisha lifunguliwe.

Hakikusema kitu. Juu ya picha ya dirisha palikuwa na kufuli dogo la kijivu. Juu ya redio, kufuli. Juu ya kitanda, kufuli. Vilivyobaki wazi ni vile vya toleo la bure, vinavyosemwa na mashine: Ndiyo, Hapana, Maji, Choo, Maumivu, Asante.

Mhariri alibonyeza pale palipoandikwa Rejesha ununuzi. Kikamwambia hakuna ununuzi uliopatikana katika akaunti hii. Akaelewa papo hapo: toleo kamili lilinunuliwa kwa akaunti ya binti, na akaunti ya binti ameitoa yeye. Alijaribu kulinunua upya. Salio lake lilikuwa limeishia kwenye kamusi. Alijaribu kuirudisha ile akaunti, ikadai nenosiri. Akabahatisha tarehe ya kuzaliwa ya binti, akabahatisha jina la mjukuu, akabahatisha mpaka kifaa kikamwambia amekosea mno, ajaribu baadaye. Muda wote huo Bibi aliutazama mkono wake.

Kumpigia binti simu na kumwambia kungemaliza kila kitu. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati.

Jioni binti alirudi amechoka, akayaona makufuli, akamgeukia mtoto. Umecheza tena na samaki wako? Mtoto akasema hajagusa. Mama akasema safari ile ya lulu pia alisema hajagusa. Mtoto akamtazama babu yake.

"Babu, si ulikuwa nyumbani? Mwambie Mama."

Mhariri alifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba watoto wa siku hizi wana mikono myepesi.

Basi ikawa hivyo. Mtoto alikatazwa kukaribia kishikwambi, na binti, bila nguvu ya kukichunguza mwenyewe, akasema atakipeleka kwa fundi wa simu siku yake ya mapumziko. Kuanzia hapo mjukuu akitoka shule alipita moja kwa moja chumbani, kiti chake kando ya Bibi kikabaki na mto tu. Bibi aliomba maji, akaomba choo, akashukuru, yote kwa sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ambaye hakuna aliyemjua. Mhariri aliifungua kamusi yake mara kadhaa, na kila mara akaifunga.

Mchana mmoja Bibi alibonyeza Maumivu. Akamkimbilia. Kichwa? Hapana. Mgongo? Hapana. Mguu huu wa kushoto? Hapana. Bibi alikuwa akikitazama kile kiti chenye mto. Mhariri alikiona anachokitazama, na bado akamuuliza habari ya goti.

Bibi akabonyeza tena. Maumivu.

Akavuta kiti akakaa, si kile cha mjukuu. "Mama watoto," akasema, "ni mimi. Niliitoa akaunti ya binti yetu nikaweka yangu. Kwa ajili ya kamusi." Sauti ilikuwa ikimkwama. "Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Mhariri alimuuliza kama anataka awaambie binti na mjukuu. Bibi akafikiri, kisha akabonyeza Maji. Akaenda jikoni akamletea glasi, akiona aibu kidogo kwamba swali lake limepitwa na kiu. Bibi hakunywa. Kwa mkono wake mzima aliisukuma glasi juu ya meza, polepole, mpaka ikafika mbele ya Mhariri.

Akaelewa ni ya kulainishia sauti aende kusema, akainywa yote.

Binti aliporudi na kuanza kupiga pasi sare za shule, Mhariri alimwita mjukuu kutoka chumbani. Yeye mwenyewe akasimama katikati ya sebule kama mtu anayesubiri kuulizwa swali darasani.

"Mtoto hakugusa," akasema. "Niligusa mimi. Akaunti yako niliiondoa, mwanangu, kwa kuwa ilinitaka nikuombe ruhusa. Halafu nikamsingizia mtoto."

Binti alisimamisha pasi wima. "Siku zote hizi, Baba?"

"Siku zote hizi."

Kwa mjukuu ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu walizoea kuongea kwa utani na sasa utani haukufaa. Alimwomba msamaha kwa maneno ya kawaida. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema nina mikono myepesi."

"Nilisema."

"Ni yako."

"Ni yangu," Babu akakubali.

Binti akavuta kishikwambi. Akaweka akaunti yake na nenosiri badala ya ile ya baba, namba ya uthibitisho ikaingia kwenye simu yake, akaibofya bila kuisoma kwa sauti. Kamusi ikajifunga hapo hapo, kwa kuwa ilinunuliwa kwa akaunti nyingine. Binti alimtupia jicho baba yake; yeye akasema iache. Kisha wakabonyeza Rejesha ununuzi, kiduara kikazunguka, na makufuli yakatoweka moja baada ya jingine, dirisha, redio, kitanda.

Wote wakangoja waone Bibi ataanza na kipi. "Mke mwenzangu, njoo tumsengenye mume wetu," kikasema kifaa kwa ile sauti nzito ya uongo, na mjukuu akaenda akakaa kwenye kiti chake.

Kile kitufe cha maringo hakikuguswa siku ile, wala siku zilizofuata. Mhariri hakutegemea kwamba angekitamani. Alipita mbele ya meza makusudi, amevaa koti lake la zamani la kazini, akasahihisha tangazo la redioni kwa sauti kubwa. Kimya. Aliwaona tu wawili wale wameinamiana juu ya kioo, mtoto akinong'ona kwenye kinasa sauti.

Kisha jioni moja redio ikakatika katikati ya taarifa ya habari. Bibi akanyoosha kidole kwenye kitufe kipya kilichochorwa miwani kama ya Babu.

"Muulizeni Babu amebonyeza nini."

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Mhariri alikuwa na jibu tayari, kwamba safari hii hahusiki hata kidogo, lakini kwanza aliinama akatazama nyuma ya kabati. Waya wa redio ulilala sakafuni. Mahali pake kwenye soketi palikuwa na chaja ya simu yake.

"Ni mimi," akasema, kabla kitufe hakijaguswa mara ya pili.