Kiti cha Upande wa Bahari

Kutoka Kibiti kwenda Mtwara, basi linapita barabarani hapo hapo, si mbali na mlango wangu. Mimi nikapanda la kwenda Dar es Salaam nikaifuate ndege. Fikirini, kaka wa marehemu mume wangu, akaniuliza, "Shemeji, safari ya kusini inaanzia kaskazini? Hiyo elimu umeisomea wapi?"

Nikamwambia darasa la saba, panatosha.

Sababu aliijua. Mume wangu, Kondo, kazikwa huko delta, mto unapoingia baharini, kisiwani Kitundu, nyuma ya msikiti alioezeka mwenyewe kwa bati jekundu. Mafuriko yalipotuhamisha wote, Fikirini akasema mto umekata njia mpya, msikiti na makaburi vimekwenda. Mdogo wake, Mshamu, anasema vipo. Hakuna aliyefika kati yao. Mkondo umejaa tope, boti haziingii. Mwaka wa pili huu namsomea Kondo Yasini, sijui kama kaburi analo.

Basi mwanangu Ismaily aliposema atanilipia ndege nikamwone mjukuu Mtwara, nilikubali kwa ajili ya dirisha. Bati jekundu katikati ya mikoko halijifichi.

Belinda, binti wa duka la steshenari aliyenikatia tiketi, aliniuliza, "Mama, dirisha la kulia au la kushoto?"

Sikubahatisha. Nilifumba macho nikajiona niko angani juu ya mswala wangu: bahari mkono wa kulia, Kitundu mkono wa kushoto.

"Kushoto," nikasema. Akabonyeza.

Ndege iliondoka baada ya alasiri. Nikabandika paji la uso kwenye kioo, hata biskuti sikupokea. Maji. Nikangoja. Maji tena. Kikatokea kisiwa kikubwa, nikashika tasbihi vizuri.

Dada aliyekaa kando yangu, muuguzi, jina lake Elinipendo, akainama kuchungulia. "Ile Mafia, mama. Nimefanya kazi pale miaka mitatu."

"Mafia iko baharini."

"Ndiyo, mama. Upande wetu huu wote ni bahari."

Hapo nikaelewa. Juu ya mswala mimi huelekea kibla, kaskazini. Ndege ya Mtwara imekipa kibla mgongo. Miaka hamsini ya sala, na sikukumbuka kugeuka.

Ng'ambo ya njia, kwenye dirisha la kulia, bwana mmoja mwenye tai alikuwa amelala, kashusha pazia. Nikafungua mkanda. Mhudumu akawahi.

"Mama, kaa tafadhali. Taa ya mkanda imewaka tena."

"Nachungulia tu."

"Ikizimwa utachungulia."

Ikizimwa tutakuwa Kilwa, delta imebaki nyuma. Nikakaa. Elinipendo akanyoosha mkono, akamgusa yule bwana begani.

"Baba, samahani," nikamwambia. "Fungua dirisha uniangalizie bati jekundu."

"Jua linanipiga, mama."

"Ni kwenye kaburi la mume wangu."

Akapandisha pazia. "Naona vijito vingi, na miti."

"Na katikati ya miti?"

"Miti."

"Msikiti, baba. Mwekundu juu."

Akakinga macho kwa kiganja. "Kuna kitu kimemeta. Huenda bati, huenda maji." Akageuza shingo kutazama nyuma. "Tumepapita."

Nikamsomea Kondo Fatiha huku natazama mgongo wa kiti cha mbele.

Mtwara, Ismaily alinipokea kwa kicheko. "Haya, mama, umeona?"

"Nimeona Mafia."

Akachukua begi. Ndani mlikuwa na mchele mpya wa Mohoro aliokuwa akiuulizia tangu mwezi uliopita. "Pole. Kurudi utapanda basi, linakushusha mlangoni."

"Kurudi nikatie ndege. Dirisha la kushoto."

"Si umetoka kukaa kushoto?"

"Kurudi tunaelekea kibla."

"Mama, na kukiwa na mawingu?"

Nikalichukua begi mkononi mwake. "Mchele tutaupika kesho," nikamwambia, "ukishanionyesha kiti hicho kwenye tiketi."