Pombe ya Mjane Isiyoonjwa

Munyakazi, mtengeneza pombe ya ndizi wa Murara, alipokufa aliacha mitungi mitatu, mke mmoja na kaka mwenye maneno mengi. Kaka huyo, Habarurema, alimpa mjane mwezi mmoja. Mitungi isipokauka kwa wateja, atamrudisha nyumbani kwao, Rutshuru, akamlimie viazi.

Mjane huyo, Nyirarukundo, hakupenda viazi, wala Habarurema. Kutengeneza pombe alijua. Kuiuza ndiyo iliyokuwa kazi ya mumewe. Akamwendea Henri, karani wa duka moja mjini, kijana aliyevaa tai hata siku ya kufua.

"Mama, biashara ya sasa ni usafi," Henri alisema. "Weka kwenye chupa, funga kizibo, mutu asiguse. Bandika karatasi yenye jina. Halafu cheka kidogo."

"Nicheke nimefiwa?"

"Cheka na meno tu."

Akamwandikia karatasi kwa mwandiko mzuri: *Nyirarukundo na Wana*. Mama hakuwa na mtoto hata mmoja. Henri alisema hiyo inaonyesha nyumba kubwa.

Jumamosi wateja wa zamani walikuja, wakazitazama chupa kama wanavyomtazama polisi. Hitimana, mwashi, aliuliza, "Nani ameionja?"

"Imefungwa, papa. Ni safi."

"Nimeuliza nani ameionja."

Kwao, anayekupa kinywaji hunywa kwanza, nawe unaona koo lake likishuka. Asiponywa, hata awe shangazi yako, unakumbuka una safari. Na huyu alikuwa mjane wa juzi, mwenye chupa zilizofungwa.

"Kwani Munyakazi alikufa na nini?" aliuliza Ntirenganya, mpakizi wa mizigo.

"Mapafu."

"Eh. Mapafu." Akainuka, na wenzake wakamfuata.

Henri alipopata habari, aliilaumu rangi ya karatasi. Akashauri nyekundu.

"Wewe ungekunywa?" Nyirarukundo alimwuliza.

Henri alitazama chupa, akatazama tai yake. "Mimi niko na kazi, mama."

Miaka kumi yote ya ndoa Nyirarukundo hakuwahi kuinywa. Kuonja ilikuwa kazi ya Munyakazi: alivuta kwa mrija kabla ya wateja, akafumba macho, akasema, "Asali."

Jumamosi ya mwisho Habarurema alifika mapema, akaketi kungoja kamio, lori la kurudi Rutshuru, na kamba ya kufungia mzigo wa mjane iko mapajani. Nyirarukundo alitoa nje mtungi wa kwanza, wenye pombe mpya, akapiga magoti mbele ya watu, akavuta mrija. Uso wake ukakunjamana.

"Hii inanuka kwapa," alisema. "Munakunywa hii tangu lini?"

"Bwana yako alisema ni asali," Hitimana alijibu. "Na alikuwa amekwisha onja. Tungesema nini?"

Ntirenganya akaupokea mrija, akavuta sana. "Ni ileile," alisema polepole, kama mtu aliyesalimiwa na marehemu.

Nyirarukundo alicheka, kisha akalia. Hakuna aliyemsumbua, maana walikuwa na mtungi. Kabla ya saa sita mitungi yote mitatu ilikuwa mikavu, na Hitimana alikuwa anagonga wa tatu kwa kiganja, hataki kuamini.

Habarurema naye alidai kinywaji. Yalibaki machicha tu. Nyirarukundo akayaonja mbele yake, akameza, akamkabidhi mrija.

"Kunywa haraka, shemeji," alimwambia. "Kamio ya Rutshuru inatoka saa nane, na nafasi ya mutu mmoja iko."