Bastola ya Mzee Peterson

Mwanamke aliyelelewa Kibosho hampi mgeni kitu kichafu mkononi, na Flaviana amelelewa Kibosho hasa. Ndicho kilichomponza. Jumamosi ile, huko Bowie, Marekani, aliichukua bastola ya kale ya mzee Peterson, mzee wa miaka tisini na moja anayemhudumia mwaka wa nne sasa, akaisugua kwa stiliwaya mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Kisha akakaa kumngoja fundi, roho kwatu.

Fundi wa nini? Mzee alishikilia kwamba babu wa baba yake, mtu mweusi aliyeitwa Fidelis, aliivaa bastola ile kiunoni katika vita vilivyokomesha utumwa Marekani. Audrey, binti wa mzee, hakusadiki hata nusu ya neno. Alisema ukoo wao haukuwahi kuwa na Fidelis, bastola yenyewe ni ya kuiga, zile zinazotengenezwa Italia siku hizi, na baba yake akili zimemruka. Saa kumi jioni angekuja na fomu za kumpeleka kwenye makao ya wazee.

"Makao siyaogopi," mzee alimwambia Flaviana. "Naogopa kuingia nikiwa nimeandikwa mwehu. Mwehu hasikilizwi tena."

Cheruiyot, fundi aliyeitwa athibitishe kama bastola ni ya kale kweli, alifika saa nane. Siku hizi analinda majengo ya kompyuta kule Sterling, ila Kenya alitunza ghala la silaha la polisi miaka kumi na minane. Alipoishika bastola, uso ulisawijika.

"Dada Flaviana, nani ameiosha hii kitu?"

"Mimi, kaka. Niliona aibu kukupa na kutu."

"Haki ya nani. Umesugua miaka mia na sitini."

Flaviana akatamani ardhi ipasuke. Cheruiyot alihakikisha kwanza silinda haina baruti, akaishusha ile fimbo ya kushindilia chini ya mtutu na kumulika kwa simu. Palikuwa na namba. Chapa ya ukaguzi ya Italia, ambayo kila bastola ya kuiga ya huko hupigwa, hakuiona.

"Si ndiyo vizuri?" Flaviana akauliza.

"Vizuri wapi? Huyo Audrey atasema chapa ilikuwepo na wewe ndiye umeifuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndani ya mpini ulifika?"

"Sikufika."

"Basi Mungu yupo. Leta bisibisi."

Skrubu iligoma, ikagoma, ikalegea. Flaviana alikuwa ameuma ncha ya khanga bila kujijua. Mbao mbili za mpini zikabanduka, na kwenye chuma chini yake ilikuwepo namba ileile ya chini ya mtutu, imekaa na kutu yake ya zamani, bila chapa yoyote ya Italia. Cheruiyot akaigeuza mbao moja, akainamisha kichwa kuisoma, akampa Flaviana. Upande wa ndani mtu alikuwa amechora kwa ncha ya kisu: FIDELIS 1865.

Jamani, Flaviana alipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Cheruiyot, mtu mzima na tumbo lake, aliruka majoka pale sebuleni. Mzee peke yake ndiye aliyetulia kwenye kiti chake.

"Msiifunge," akasema. "Iacheni hivyohivyo."

Saa kumi Audrey aliingia na fomu zake kwapani. Kabla hajavua koti Flaviana alikiri kila kitu, stiliwaya na yote, maana uongo ungewaharibia. Halafu akamwekea mbao kiganjani. Audrey alisoma. Akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, akarudia tena.

"Baba," akasema taratibu, "hii umenisimulia mara ngapi?"

"Tangu ukiwa na miaka sita."

Audrey aliibana mbao kifuani.

"Na mama yako," mzee akaendelea. "Usiku ule alipofariki hospitalini aliniachia maneno ya kukupa wewe. Nimejaribu kukuambia mara tatu, ukasema natunga."

Fomu zilimponyoka Audrey kwapani. Hakuziokota. Alikaa chini palepale kwenye zulia, na koti lake mwilini, akamshika baba yake mguu.

"Alisemaje?"