Kola Mkononi mwa Obidigbo

Wazee watatu wa ukoo walikuja kwetu asubuhi ya siku ya soko la Nkwo, kusikiliza shauri la shamba letu la mihogo, lile la kijitoni. Tangu baba afariki, Obidigbo, mtoto wa kaka yake, alishang'oa alama zetu za mpaka mara mbili. Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Ana mimi tu.

Mazungumzo hayaanzi bila kola, ile kokwa chungu ya kukaribishia wageni, na kola haiombewi kwa mdomo wa mwanamke. Nikaileta kwenye sahani, na karanga za kusaga zenye pilipili. Mzee Anaekwe akatazama huku na huku.

"Mwanamume wa nyumba hii nani?"

"Si ndiye mimi hapa!" akasema Obidigbo, mkono keshaunyoosha.

"Mzee, huyo ndiye tunayemshitaki!" nikasema.

"Kola kwanza, binti. Maneno baadaye."

Obidigbo akaiinua. Akaomba uhai. "Ise!" tukaitikia wote, maana dua ya kola huitikiwa hivyo, yaani na iwe. Akaomba watoto. "Ise!" Mvua. "Ise!" Ana sauti nzuri mwizi yule, na anakwenda mbiombio kama anayetwanga.

"Na shamba la kijitoni, mababu mliloniachia mimi, lizae!"

"Ise!"

Mimi nilifumba mdomo kwa wakati. Lakini pembeni yangu nilisikia sauti ya Mama, safi kabisa. Miaka arobaini ameitikia dua za wanaume wa ukoo huu. Akajishika mdomo, neno limeshatoka.

Obidigbo akacheka. "Mke wa ukoo wetu mwenyewe kaitikia. Tunajadili nini tena?"

"Ni mazoea tu! Na mimi sikuitikia!"

"Wewe nani alikuuliza?"

Kola ikavunjwa vipande, sahani ikazunguka, wanaume kwanza. Ilipofika kwangu nilichukua kipande changu, nikakirudisha, maana anayekula kola ameikubali dua yake. Mzee Anaekwe akakiona.

"Hiki cha nani?"

Mama akatema chake kiganjani, kimeshaumwa, akakiweka juu ya changu.

Wazee wakanong'onezana weee. Mwisho wakasema shauri halijakwisha, watarudi siku ya Nkwo ijayo.

"Na siku hiyo kola ataiombea nani?" nikauliza.

Mzee Anaekwe alikuwa ameshafika mlangoni. "Unauliza kama mgeni, binti. Obidigbo, nani mwingine?"