Kimo cha Tembo

Ruweyda alikuwa na umri wa miaka miwili surua ilipomchukua macho, kwa hiyo hata mwanga hakuukumbuka. Sasa alikuwa na miaka tisa, na kila alichokijua alikijua kwa mikono. Ngamia alimjua mzima, kuanzia nyayo zake pana hadi nundu, kwa sababu baba yake, Nunow, alikuwa dalali wa mifugo pale Garissa na siku za mnada alikuwa akimpeleka sokoni kabla jua halijakuwa kali.

Aliyemsumbua ni tembo. Katika darasa lao la wasioona, mwalimu aliwapa tembo wa plastiki wampapase kwa zamu. Ruweyda alipomaliza kuzungusha vidole kwenye mkonga na masikio, aliuliza kama tembo wa kweli naye anaingia mkononi. Mwalimu akacheka, akasema wa kweli ni mkubwa sana.

"Mkubwa sana ni kiasi gani?" Ruweyda alimuuliza mama yake jioni ile. "Ananiambia mkubwa kuliko ngamia. Nikamuuliza, mkubwa kuliko ngamia kwa kiasi gani? Akasema nitajua nikikua."

Ramlo, mama yake, alikuwa karani katika ofisi ya kaunti, mwanamke asiyependa kuambiwa asubiri. Likizo ya Agosti ilipofika, aliomba ruhusa ya wiki moja, akamwambia mumewe wanakwenda Nairobi kumwonyesha mtoto makumbusho. Nunow alitaka kuuliza asiyeona anaonyeshwa nini, lakini alimwangalia mkewe usoni, akaenda kukata tiketi za basi.

Walifikia mtaa wa Islii, kwa dada yake Ramlo. Jumatano walikwenda kwenye makumbusho ya reli. Huko hakuna aliyewazuia. Ruweyda alipanda kwenye kichwa cha garimoshi kuukuu, akashika kila mpini na kila mtarimbo uliokuwapo, akatoka na viganja vyeusi na ushungi uliojaa kutu. Jioni hakuzungumza jambo jingine.

Alhamisi wakaenda kwa tembo.

Ilikuwa mifupa tu, lakini mifupa kamili, imesimamishwa katikati ya ukumbi wa makumbusho makuu na kuzungushiwa kamba. Ramlo alimwongoza mtoto mpaka kwenye kamba, akamwambia anyooshe mkono. Vidole vilikuwa havijafika kwenye mguu mlinzi alipokuja mbio.

"Mama, kibao hicho hapo. Hairuhusiwi kugusa."

"Kibao nimekiona," Ramlo akasema. "Huyu hakioni. Ndiyo maana anagusa."

Mlinzi alimtazama Ruweyda, akatazama chini. "Pole sana. Lakini mimi nimepewa sheria. Akigusa mmoja, wote watagusa."

Watu walikuwa wameanza kugeuka. Nunow alitazama huku na huku. Sokoni angeweza kubishana na wanunuzi kumi kwa sauti ya juu, lakini hapa, kwenye sakafu inayong'aa, maneno yalimwisha. Alimsogelea mkewe, akasema kwa Kisomali, "Twende, Ramlo. Wanatutazama."

"Wacha watutazame. Wao wana macho."

Ramlo aliomba kumwona msimamizi. Msimamizi alikuwa ametoka, hatarudi mpaka kesho. Njia nzima ya kurudi Islii Ruweyda hakulia wala kulalamika. Aliuliza swali moja tu. "Hooyo, kesho tutarudi?"

"Tutarudi, hooyo," Ramlo akamjibu, kwa neno lile lile la "mama" ambalo mama wa Kisomali humwitia hata mwanawe.

Nunow alisema kesho ni Ijumaa, ana sala ya jamaa, na Jumamosi alfajiri wana basi. Ramlo akamwambia sala ni saa saba, makumbusho yanafunguliwa saa mbili na nusu.

Saa mbili na nusu walikuwa mlangoni. Wakaelekezwa kwenye benchi nje ya ofisi. Saa tatu wakaambiwa msimamizi yuko mkutanoni. Saa nne karani mmoja akawashauri waandike barua, itajibiwa baada ya wiki mbili. Ramlo alimshukuru, akaomba karatasi, akaandika barua na nakala yake papo hapo kwenye paja lake, na hakuondoka kwenye benchi. Nunow alitazama saa yake, akatazama mlango. Ruweyda alikaa kati yao, akihesabu kwa sauti ya chini hatua za kila aliyepita.

Saa tano msimamizi akatoka. Alikuwa mama wa makamo, na uso wake ulionyesha kwamba mkutano haukuwa mzuri. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Mifupa ile haiwezi kuguswa," akasema. "Sikatai kwa kiburi. Imeunganishwa kwa nyaya, na ni ya zamani. Ikivunjika hatuna nyingine."

"Nimekuelewa," Ramlo akasema. "Sasa niambie kinachoweza kuguswa."

Msimamizi alimrudishia barua. Kisha akawaambia wamfuate.

Aliwapeleka kwenye chumba cha nyuma, ambako huhifadhiwa vitu vya kufundishia wanafunzi. Akamwekea Ruweyda mezani gego moja la tembo. Mtoto alilishika kwa mikono miwili, akalinyanyua kwa shida. Alipitisha vidole juu yake, kwenye matuta yaliyopangana kama mistari ya shamba.

"Hili ni jino?"

"Jino moja," msimamizi akasema.

"Kinywani ana mangapi kama haya?"

"Yanayotafuna kwa wakati mmoja ni manne."

Ruweyda akaweka shavu lake juu ya lile gego. Halafu akainua kichwa. "Jino nimelijua. Lakini bado sijajua urefu wake akisimama."

Ramlo alifungua mdomo, ila Nunow ndiye aliyesema. Tangu jana hakuwa amezungumza na mtu yeyote wa pale. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na alikijua hivyo.

"Mama, kutembea kando ya kamba, hiyo mnaruhusu?"

"Kutembea ndiyo."

Wakarudi ukumbini. Nunow alimshika binti yake mkono, akamsimamisha usawa wa mkia wa tembo. Wakatembea pamoja hadi usawa wa fuvu, Ruweyda akihesabu hatua zake. Wakarudi tena, akahesabu upya kwa sababu hakuiamini hesabu ya kwanza. Kisha Nunow akachuchumaa, akampandisha mabegani, akasimama naye.

"Nyoosha mkono juu kabisa. Umefika wapi?"

"Aabo, hapa ningempita ngamia nundu."

"Bado hujafika bega la tembo."

"Bado kiasi gani?"

Nunow aliangalia juu. Kwa ng'ombe angetaja uzito wake bila kukosea sana, lakini hili hakuwa na namna ya kulisema. Yule mlinzi wa jana alikuwa amesimama karibu akiwatazama. Akaondoka, akarudi na ufagio wenye mpini mrefu, akauweka mkononi mwa Ruweyda.

"Inua," akasema. "Usiegemeze upande wa kamba. Inua tena. Kidogo. Hapo ndipo bega lake."

Ruweyda aliushikilia ufagio pale pale. Kisha akauteremsha, akapapasa mpini kutoka ncha yake ya juu hadi pale mkono wake ulipokuwa, akapapasa kichwa cha baba yake, bega lake, akamwomba ashushwe polepole mpaka nyayo zake ziguse sakafu. Alisimama hapo akiwa ameinua uso.

"Sasa najua," akasema.

Ramlo alimpa msimamizi tena ile barua. Ilikuwa inaomba siku moja kila muhula kwa ajili ya watoto wasioona, meza ya vitu vya kugusa, na mtu wa kuwaeleza. Akamwomba pia apige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, kwa kuwa yeye ni karani na anajua barua zinavyopotea. Muhuri ukapigwa. Nunow akawahi sala.

Jibu lilifika Garissa mwezi wa Oktoba. Lilisema ombi limepokelewa na linafikiriwa. Ramlo alilisoma mara mbili, akavuta karatasi nyingine, akamwita Ruweyda aje waiandike pamoja barua ya pili.